Frasila za Tippu Tip na Msitu Usiopimwa

Nimesoma *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip* mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa Tabora, mwezi wa Oktoba, chini ya mwembe ambao wazee husema ulipandwa na misafara. Safari hiyo nilitafuta kitu kimoja tu ndani ya kitabu: mti.

Nianze na sifa zake. Ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa katika Kiswahili. Heinrich Brode aliichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, mwenyewe akiwa bado hai Zanzibar. Kiswahili chake ni kikavu, cha mfanyabiashara, na hakiombi radhi.

Kasoro yake ni hesabu. Njia inatoka pwani, inapita Unyanyembe alikoishi baba yake, inafika Ujiji, inavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, ambako pori linakutana na msitu mkubwa wa Kongo. Kila anapofika, tunaambiwa pembe zilikuwa frasila ngapi. Wapagazi na watumwa waliozibeba, wengi wao hawana majina. Msitu wenyewe ukitokea, ni giza na matope yanayochelewesha safari.

Lakini msitu nao una hesabu yake. Jani huvuta hewa ukaa kupitia vitundu vidogo. Ukame ukija, mti huvifunga usipoteze maji, na hapo hapo hukosa chakula. Ukame ukirefuka, miti hufa, na magogo yanayooza huirudisha kaboni hewani kwa miaka mingi. Katika ukame na joto la 2015 na 2016, watafiti walipima viwanja 100 katika misitu ya mvua ya nchi 6 za Afrika. Uvutaji wa kaboni ulipungua, ila misitu iliendelea kuvuta kaboni kuliko iliyoitoa. Ni ustahimilivu wa kushangaza, lakini si ahadi kwamba ukame ujao utapita vivyo hivyo.

Hapa ndipo ninapowasumbukia waandishi wetu wa leo. Tumeacha frasila, tumeshika tani. Tukiuandika msitu kama ghala la kaboni tu, tunarudia kosa lile lile la kuuona msitu kwa kile kinachotoka humo.

Pori la Tabora si msitu wa mvua. Ni miombo, iliyozoea miezi mingi bila tone. Sehemu kubwa ya kaboni yake iko ardhini, mahali ambapo msafiri haoni. Mwaka 1958, H. F. Birch wa Muguga, Kenya, alieleza jinsi udongo uliokauka unavyotoa hewa ukaa kwa ghafla unapoloweshwa tena. Babu yangu, aliyetundika mizinga upande wa Sikonge, hakumjua Birch. Alijua tu kwamba mwaka ambao miyombo haikuchanua vizuri, mizinga ilibaki mitupu. Asali hiyo ndiyo iliyomsomesha mama.

Kwa hiyo kisomeni kitabu cha Tippu Tip. Kinatupitisha njia ile kwa sauti ya mwenye msafara. Ila kila anapotaja frasila, simameni kidogo mwulize pale palikuwa na miti gani, na nani alikuwa akiishi kwayo.