Kiasi na Upanga wa Haki: Tathmini ya Siasa za Ivanoe Bonomi

Katika Wagalatia 5 Mtume Paulo anakihesabu kiasi kuwa sehemu ya tunda la Roho, nasi wahubiri tumezoea kukisifu pasipo kuuliza kinatumika wapi na kwa faida ya nani. Maisha ya Ivanoe Bonomi, msoshalisti wa Italia aliyezaliwa Mantova mwaka 1873, yanatulazimu kuuliza.

Bonomi aliamini kwamba hali ya wafanyakazi ingeboreshwa kwa sheria, kwa kura na kwa kushirikiana na vyama vingine, wala si kwa mapinduzi. Mwaka 1912, baada ya mtu mmoja kujaribu kumwua mfalme, yeye na Leonida Bissolati walikuwa miongoni mwa wabunge waliokwenda kumpongeza mfalme kwa kunusurika. Kwa ajili hiyo, na kwa kuwa kundi lao halikuvipinga vita vya Libya, walifukuzwa katika mkutano mkuu wa Reggio Emilia, kwa hoja iliyotolewa na kijana Benito Mussolini. Juu ya vita hatuwezi kuwatetea. Lakini kumfurahia mtu aliyeponea kifo si kuwasaliti maskini.

Mtihani mkubwa zaidi ulimjia Julai 1921, alipokuwa Waziri Mkuu. Vikundi vya mafashisti vilikuwa vikichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na vya ushirika, vikipiga na kuua. Serikali yake iliunga mkono mkataba wa upatanisho, uliotiwa sahihi tarehe 3 Agosti kati ya mafashisti, wasoshalisti na shirikisho la wafanyakazi. Mkataba huo ulizitaka pande zote ziache ukatili, kana kwamba aliyechoma na aliyechomewa wana deni moja. Novemba Mussolini aliukana. Desemba Bonomi aliwaagiza wakuu wa mikoa wavivunje vikundi vyenye silaha, lakini kwa sehemu kubwa agizo hilo halikutekelezwa. Februari 1922 serikali yake ikaanguka. Oktoba Mussolini akashika madaraka.

Wako watakaomtetea wakisema kwamba Bunge liligawanyika na kwamba maafisa wengi waliwapendelea mafashisti. Hayo ni kweli. Hata hivyo, huko Sarzana, tarehe 21 Julai 1921, askari wachache waliposimama imara, mamia ya mafashisti walitawanyika. Sheria haikukosa nguvu. Ilikosa mtu wa kuitumia kila mahali na kila siku. Warumi 13 inafundisha kwamba mtawala habebi upanga bure, na Luther, katika maandiko yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya dunia, aliuona upanga huo kuwa huduma kwa jirani anayeonewa. Kwa kipimo hicho Bonomi alipungukiwa. Alitoa upatanisho mahali palipodai hukumu.

Lakini haki inatutaka tusome habari zake mpaka mwisho. Septemba 1943 Bonomi, akiwa na umri wa karibu miaka 70, aliiongoza Kamati ya Ukombozi wa Kitaifa mjini Roma. Juni 1944, Roma ilipokwisha kukombolewa, akawa tena Waziri Mkuu wa serikali iliyowakusanya wakomunisti, Wakristo wa demokrasia, waliberali na wasoshalisti. Serikali yake ndiyo iliyoamua kwamba wananchi wangelichagua Bunge la Katiba, na mwaka 1945 ikawapa wanawake haki ya kupiga kura. Alikufa mwaka 1951 akiwa Rais wa Seneti. Kiasi kilekile kilichoshindwa mwaka 1921 kilizaa matunda mwaka 1944, kwa sababu safari hii waliokalishwa pamoja walikuwa watu waliotaka kuishi chini ya sheria moja.

Sisi wachungaji huitwa mara nyingi kusuluhisha, nasi hupenda kuwashikanisha watu mikono upesi ili ugomvi uishe kabla ya ibada ya Jumapili. Tujiulize kwanza: je, wanaosimama mbele yetu ni wagomvi wawili, au ni mpigaji na aliyepigwa? Iwapo ni mpigaji na aliyepigwa, kazi ya kwanza ni kuuzuia mkono ule. Upatanisho utafuata, nao hauwezi kutangulia.