Zizima: Neno la Heliamu ya Singida

Tangu mwaka 2016, watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza akiba kubwa ya heliamu katika bonde la Rukwa, gesi hiyo imeandikwa mara nyingi kwa Kiswahili. Singida nayo imo: huko Manyeghi heliamu hutoka ardhini pamoja na maji ya chemchemi, nayo ilizaliwa polepole na urani na thori zilizomo katika mawe ya kale mno. Msomaji akiuliza yafaa nini, aghalabu huambiwa kuwa hujaza maputo, au kuwa ni gesi ya kupozea mitambo. Jibu la kwanza ni dogo mno. La pili ni kweli, ila kitenzi chake hakifai.

Kupoza ni kazi ya uji na chai. Heliamu ya majimaji huchemka kwenye nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, na hapo uji hauna la kusema. Waandishi wengine hukimbilia "baridi kali sana", fungu la maneno lililo tasa, maana halizai kitenzi, wala jina la chombo, wala jina la elimu. Wengine huandika "krayojeniki" na kumwacha msomaji mlangoni.

Kumbe neno lipo. Maji ya mtungi huzizima, na kila mtu huelewa. Zizima lina maana ya kuwa baridi sana, na tena ya kutulia, kuwa kimya. Mwanakamusi huzitenga maana hizi kwa nambari. Katika darubini za redio ni jambo moja. Mwaka 1964, huko Holmdel, Marekani, Penzias na Wilson walilinganisha kelele ya antena yao na kifaa kilichozizimishwa kwa heliamu ya majimaji. Walipotoa kila kelele waliyoijua, ikabaki moja itokayo pande zote za mbingu: mnururisho wa kale wa ulimwengu, ambao jotoridi lake leo lajulikana kuwa nyuzi 2.725 juu ya sifuri halisi. Joto lenyewe ni kelele. Asiyezizimisha chombo chake hukisikia chombo, haisikii mbingu.

Kamera iliyofungwa mwaka 2017 katika darubini ya Ncha ya Kusini ina vitambuzi 16,000 hivi, vilivyozizimishwa kwa heliamu hadi karibu nyuzi 0.3 juu ya sifuri halisi. Kila kimoja kina utando wa metali ulioshikwa ukingoni mwa hali ya kupitisha umeme bila ukinzani. Joto kidogo tu likiingia, ukinzani hupanda na mkondo hubadilika. Taabu ni kuitoa habari hiyo nje, kwa kuwa kila waya huingiza joto. Basi vitambuzi 68 hushirikiana jozi moja ya nyaya, kila kimoja kwa masafa yake, mfano wa stesheni za redio hewani. Kazi hii ikiitwa "usomaji", kwa kufuata Kiingereza, maana hupotea: hapana maandishi hapo. Ni usikilizaji, nao hulandana vema na zizima.

Lipo pingamizi la haki. Magazeti huandika kuwa uwanja "ulizizima kwa shangwe", kinyume kabisa cha ukimya. Na mzizimo, likifanywa istilahi, litabeba mwangwi huo. Hata hivyo istilahi hukazwa kwa matumizi ya darasani, na hapo ndipo penye shida. Mtoto wa Manyeghi aingiapo kidato cha kwanza hufundishwa fizikia kwa Kiingereza, na hadi hapo, juu ya gesi itokayo chini ya kijiji chake, Kiswahili kimempa maputo.