Kutathmini Sanamu ya Shetani ya Mpingo

Sanamu ndogo za wahusika wa anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, hutathminiwa kwa kulinganishwa na kielelezo cha kwanza, kwa kuwa nakala zote hutoka katika kalibu za namna moja, na mtathmini hutafuta mstari wa kalibu usiosuguliwa au rangi iliyovuka mpaka wake. Sanamu ya Kimakonde ya mtindo wa shetani, ambayo nayo ina wakusanyaji hadi Japani, haina kielelezo cha aina hiyo. Kipimo chake ni gogo la mpingo lililochongwa.

Mtindo wa shetani, unaoonyesha viumbe wa kiroho wenye viungo vilivyopinda na nyuso zilizopotoka, huhusishwa na Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji na ambaye kazi zake ziliuzwa na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950. Shina la mpingo mara nyingi huwa na mifereji na mapindo, na ilhali watengenezaji wa zumari za Ulaya kama klarineti hutaka vipande vilivyonyooka visivyo na dosari, mchongaji wa shetani huweza kuligeuza pindo kuwa mgongo wa kiumbe wake.

Uhalisi wa mbao huthibitishwa upesi. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu huwa na takriban kilo 1,200, kwa hiyo kipande chake huzama majini, na pamba yenye spiriti ikisuguliwa chini ya kitako hudhihirisha kama weusi ni wa kiini cha mti au ni wa rangi ya viatu iliyopakwa juu ya mbao nyepesi. Ukanda wa rangi ya manjano hafifu si kasoro, kwani hiyo ni sehemu ya nje ya shina, ambayo baadhi ya wachongaji huiacha makusudi iwe nywele au nguo.

Kazi ngumu zaidi ni kufuata nyuzi za mbao, yaani mwelekeo ambao mti ulikulia. Mkono mwembamba uliochongwa sambamba na nyuzi hudumu, lakini uliozikata kwa mshazari huvunjika kwa mguso mdogo. Na nyuzi za mkono zisipoendelea hadi begani, kiungo hicho kimebandikwa kwa gundi, hata kama sanamu inauzwa kama kipande kimoja. Halafu hutazamwa matundu ya ndani, yaliyo kati ya kiwiko na ubavu, ambako tezo haifiki na mchongaji hulazimika kutumia patasi nyembamba, tupa na msasa kwa subira kubwa. Uchambuzi huu unayapa matundu hayo uzito zaidi kuliko mng'ao wa uso, kwa sababu uso hung'arishwa na yeyote mwenye nta, ilhali ulaini wa sehemu iliyofichika ni ushahidi wa mkono uliojali.

Nyufa hutokea hasa kwenye ncha za gogo, ambako unyevu hutoka kwa kasi. Ufa mwembamba wa kitakoni hupunguza thamani kidogo tu, ila ufa uliozibwa kwa gundi na unga wa mbao, ukiwa umekatiza uso wa kiumbe, ni lazima muuzaji autaje kabla ya bei kukubaliwa.