Toleo Moja kwa Mwaka: DHIS2 na Namba za Kigongo

Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025. Mgonjwa wa Kigongo anayetaka kutibiwa Sengerema hasubiri tena kivuko. Kwa afisa takwimu wa afya jambo hilo si dogo, maana Kigongo iko wilaya ya Misungwi na Busisi iko wilaya ya Sengerema, zote mkoani Mwanza. Wagonjwa wa malaria wakipungua upande mmoja na kuongezeka upande wa pili, lazima awe na hakika kwamba ni watu waliovuka, wala si programu iliyokosea kujumlisha.

Programu yenyewe ni DHIS2. Zahanati hujaza vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, hutengeneza muhtasari wa mwezi, na muhtasari huo huingizwa kwenye mfumo. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi na hauna ada ya leseni. Kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimebeba sehemu kubwa ya kazi ya kuisimika. Inatumika katika nchi zaidi ya 70.

Kwa miaka mingi toleo jipya lilitoka kila miezi 3, baadaye mara 2 kwa mwaka. Vipengele vingi vilivyokuja na matoleo hayo vilihitajika kweli. Kenya ilipoweka mfumo kwenye seva moja ya taifa mwaka 2011, na wilaya zikaingia kwa modemu za simu, kivinjari kilipaswa kutunza takwimu mtandao unapokatika. Bila hilo kazi isingekwenda.

Kilichoumiza ni kasi. Seva ya wizara ikipandishwa toleo, skrini hubadilika, watumishi hufundishwa upya, na programu ndogo zilizoandikwa nchini huweza kugoma kwa kuwa njia zilizotumika kuchotea takwimu zimeondolewa. Kwa hofu hiyo wizara huruka matoleo, na kasoro iliyokwisha kurekebishwa Oslo huendelea kuishi wilayani.

Tangu toleo la 40, la mwaka 2023, kiini cha DHIS2 hutoka mara moja kwa mwaka, na matoleo 3 ya karibuni ndiyo yanayopelekewa marekebisho. Dashibodi, chati na ramani zimetenganishwa na kiini; kila moja huweza kutoka kwa ratiba yake. Huu utengano ndio ninaousifu zaidi. Chati mbovu unaweza kuirudisha ilivyokuwa jana bila kugusa hifadhidata. Kosa likiwa ndani ya kiini, kinachojumlisha namba kutoka zahanati hadi mkoa, linachafua kila ripoti iliyo juu yake, na huenda miezi ikapita kabla mtu hajashtuka.

Dunia imeshaonja gharama hiyo. Machi 2012 OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya intaneti, ilitoka na kipengele kipya cha kupima kama muunganisho bado uko hai. Msimbo wake haukukagua urefu wa ujumbe ulioingia, hivyo mtu wa mbali aliweza kuchota yaliyomo kwenye kumbukumbu ya seva, nywila zikiwemo. Kosa hilo, lililopewa jina la Heartbleed, lilitangazwa Aprili 2014. Watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, walipoichukua programu hiyo na kuunda LibreSSL, kazi yao ya kwanza ilikuwa kufuta: maelfu kwa maelfu ya mistari ya msimbo iliondolewa.

Kinachofanya vipengele vipya vipewe kipaumbele kuliko majaribio ni fedha. DHIS2 hutegemea wafadhili kama Norad, shirika la maendeleo la Norway, na Global Fund, na kipengele kipya huonekana kwenye ripoti ya mradi, ilhali majaribio yaliyozuia kosa hayaonekani popote. Wizara na wafadhili watenge fungu la majaribio katika kila mkataba wa kipengele kipya, na majaribio hayo yafanywe kwa mzigo wa takwimu unaolingana na wa wilaya halisi. Nanyi maafisa takwimu wa Misungwi na Sengerema, orodha ya kasoro za DHIS2 iko wazi kwa yeyote: mkiona jumla isiyolingana na vitabu vya MTUHA, iandikeni humo.