Yuj: kitabu cha Whitney na maana iliyoachwa pembeni

"Yoga maana yake ni muungano." Utaikuta kila mahali, kuanzia mabango ya madarasa ya mazoezi hadi vitabu vya afya, na hoja ni ileile: neno limetoka kwenye mzizi wa Kisanskriti yuj, yaani kuunganisha. Mzizi ni huo kweli. Tatizo ni hiyo "yaani".

Wengi wetu tunaojifunza Kisanskriti tunakimbilia kitabu cha mizizi cha William Dwight Whitney, Mmarekani, kilichotoka 1885. Kikavu kama daftari la mahudhurio, lakini kizuri mno. Whitney hakuridhika kwamba wanasarufi wa kale wameuorodhesha mzizi fulani. Alitaka kuuona ukitumika katika maandishi, na maumbo akayawekea alama za vipindi. Orodha ya kale ya Kihindi, Dhatupatha, ina mizizi kama 2,000. Iliyopenya kwenye chekeche lake haifiki 1,000.

Yuj imepenya bila shida. Katika Veda ni kazi ya kufunga farasi kwenye gari. Humo tunapata yuga, nira, ambayo baadaye ikawa pia zama. Yukta, kilichofungwa pamoja au kinachofaa. Yukti, hoja au mbinu. Weka viambishi mbele: samyoga ni kukutana, viyoga ni kutengana. Nira hiyohiyo ni iugum kwa Kilatini na zygon kwa Kigiriki, na huko Ugirikini ndiko ilikotoka zaigoti ya darasa la biolojia.

Lakini kwenye maana Whitney anatoa neno moja tu, "unganisha", anapita. Dhatupatha haikupita. Inaiandika yuj mara tatu: kundi la 7 (yunakti) ni kuunganisha, kundi la 4 (yujyate) ni samadhi, yaani utulivu wa akili iliyozama, na kundi la 10 ni kuzuia. Huu si mchezo wa kuhesabu. Vyasa, akifafanua Yogasutra ya Patanjali, anasema yoga ni samadhi. Vachaspati Mishra, akimfafanua Vyasa, anakazia kwamba yuj inayohusika hapa ni ile ya samadhi, siyo ya kuunganisha. Na wana sababu. Patanjali mwenyewe anaieleza yoga kuwa ni kuzituliza shughuli za akili, na mwisho wa safari yake ni kaivalya, nafsi kubaki peke yake. Sasa huo ni muungano gani?

Ni kweli, yako maandishi mengine ya Kihindi yanayosema yoga ni muungano wa nafsi na Nafsi Kuu. Huko sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kumvika Patanjali maana hiyo kwa kisingizio cha mzizi.

Kihistoria, yuj hizo huenda zote ni mzizi mmoja, na kwa hilo Whitney hana kosa. Hata sisi -fung- ni moja: tunafunga mzigo, tunafunga Ramadhani, kuna kifungo cha shati na kifungo cha miaka miwili. Ila mwambie mtu aliyefunga kwamba "kwa asili" anakaza kamba, uone atakavyokutazama.

Kitabu cha Whitney sikiachi. Nimeandika tu kwa penseli pembeni ya yuj: 4, 7, 10.