Hadithi Ambayo Mwisho Wake Twaujua

Katika kufundisha fasihi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba taharuki ndiyo imshikayo msomaji, na kwamba akiisha kuujua mwisho hamu yake hukatika. Ipo aina moja ya filamu iendayo kinyume cha fundisho hilo: filamu ya majagina wenye nguvu zipitazo za binadamu, itengenezwayo baada ya nyingine ilhali yasimulia mambo yaliyoitangulia. Mtazamaji aingia ukumbini akijua nani atakuwa nani. Kwa nini basi afurahi?

Jibu la kwanza twalo nyumbani. Nani kati ya wasikilizaji wa habari za Fumo Liyongo asiyejua kwamba jagina huyo atauawa kwa sindano ya shaba ya kitovuni, kwa mkono wa mwanawe mwenyewe? Hata hivyo watu husikiliza, na pale baba ampokeapo mwanawe kwa furaha ndipo moyo huuma zaidi.

Na tuitazame X-Men: First Class, filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Matthew Vaughn. Katika X-Men ya mwaka 2000 tulikwisha kuwaona wazee wawili mahasimu: Charles Xavier, mwalimu asomaye mawazo ya watu, aketiye katika kiti cha magurudumu, na Magneto, aamrishaye chuma kwa nia yake tu, ambaye mwishoni afungwa katika gereza la plastiki. Xavier amtembelea humo, nao wacheza sataranji. Filamu ya 2011 yaturudisha mwaka 1962, wawili hao wakiwa vijana na marafiki.

Hapo ndipo penye utamu wake. Kila wema watendeanao watuuma, maana twajua utakavyokwisha. Chukua tukio la lile dishi kubwa la kunasia mawimbi. Erik, ndiye Magneto wa baadaye, ashindwa kuligeuza kwa hasira peke yake. Charles aingia akilini mwake, amwibulia kumbukumbu ya mama yake akiwasha mishumaa. Wote wawili watokwa na machozi, na dishi lageuka. Asiyejua yajayo ataona rafiki akimfaa rafiki. Sisi twaona mwalimu akimnoa adui yake. Kadhalika wachezapo sataranji usiku wa kuamkia mapambano ya pwani ya Cuba, twalikumbuka gereza.

Kuna na sarafu. Mwaka 1944, katika kambi ya Wanazi nchini Poland, daktari amwamuru Erik mdogo aisogeze sarafu mezani; mtoto ashindwa, na mama yake apigwa risasi mbele yake. Miaka 18 baadaye Erik aipitisha sarafu ile ile, polepole, katika kichwa cha daktari huyo. Charles, ambaye wakati huo ameishika akili ya daktari asiweze kujitetea, apiga mayowe kwa maumivu yale yale. Urafiki utavunjika, hilo twalijua. Tuulizalo ni kama palikuwa na njia nyingine, na swali hilo latushika kuliko taharuki yoyote. Punde risasi iliyopotoshwa na Erik yampata Charles mgongoni, na kile kiti cha magurudumu, tulichokizoea kama samani, chapata historia.

Wadhanio kwamba kueleza asili ya vitu kwatosha waitazame X-Men Origins: Wolverine ya mwaka 2009. Humo twaambiwa Logan alipata wapi koti lake la ngozi, na risasi zipi zilimpotezea kumbukumbu. Ni kama kusomewa orodha ya vitu vya ghalani.

Lakini hata hii tuisifuyo ina dosari ituudhiyo. Darwin, kijana mweusi aliyeigizwa na Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, ana kipawa cha kubadilika mwili ili lolote lisimwue. Naye ndiye wa kwanza kufa katika kundi la Charles. Tukumbuke kwamba mwaka huo huo wa 1962, wiki chache kabla ya mgogoro wa makombora ya Cuba, watu wawili waliuawa katika ghasia zilizozuka kwa sababu James Meredith, mwanafunzi mweusi, alikwenda kujiandikisha katika Chuo Kikuu cha Mississippi. Filamu ijitangazayo kuwa ni ya watu wachukiwao kwa jinsi walivyozaliwa yapita hapo kimya. Wala haiwezi kujitetea kwamba ilifungwa na yajayo. Hakuna lolote katika mwisho tuujuao lililodai Darwin afe. Watunzi walikuwa na uhuru wote wa kumwacha hai.