Camaro Z/28 ya 1969: Tarehe Lazima Zifuatane

Namba ya chesi ya Chevrolet Camaro ya 1969 haikuambii kama gari ni Z/28. Lijue hilo kabla hujatoa hela. Ukichungulia kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva, utasoma 124379, kisha N kwa gari la Norwood, Ohio, au L kwa la Los Angeles, halafu tarakimu sita za mfululizo. Hiyo ni Camaro ya V8, ya mwaka 1969, basi. Camaro yoyote ya V8 inaweza kupakwa mistari miwili mipana ya Z/28 na kuuzwa kwa jina kubwa.

Ushahidi uko kwenye injini. Z/28 ilitoka na injini ya inchi za ujazo 302, kwa kuwa ilibuniwa kwa mashindano ya Trans-Am, yaliyoweka ukomo wa 305. Mbele ya silinda hedi ya kulia, bloku ina sehemu ndogo bapa iliyogongwa herufi na namba, mathalani V0312DZ: V ni kiwanda cha Flint, 0312 ni Machi 12, DZ ndiyo 302 yenyewe. Karibu yake hugongwa 19N, kwa gari la Norwood, na zile tarakimu sita za chesi. Wanunuzi wengi wakiona zinalingana hupeana mikono. Mimi hapo ndipo ninapoanza kazi, maana mwenye vyuma vya kugongea namba hugonga anachotaka.

Pangusa grisi taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Msasa na brashi ya waya usiviguse. Mulika tochi kwa ubavu, siyo kwa juu. Mashine ya kiwandani iliacha mistari myembamba iliyonyooka, inayotoka mbele kwenda nyuma ya injini, na namba ziligongwa juu ya mistari hiyo. Ukikuta uso laini kama kioo, au mikwaruzo ya kuzunguka, namba za zamani zimefutwa. Achana na gari hilo, hata muuzaji akiapa.

Kisha nenda nyuma ya bloku, kwenye ukingo unaopokea giaboksi. Tarehe ya kusubu iko pale, nayo imeinuka juu ya chuma kwa sababu ilitoka ndani ya kalibu. Kuighushi ni kazi ngumu. Herufi A hadi L ni miezi: B 27 9 ni Februari 27, 1969. Bloku husubiwa kwanza, injini huunganishwa siku au wiki chache baadaye, ndipo gari hukamilika. Kwa hiyo injini ya 0312 ikikaa kwenye bloku ya C 20 9, mtu amedanganya. Tarakimu 8 mwishoni mwa tarehe hiyo isikushtue, kwani magari ya mwaka huo wa modeli yalianza kutengenezwa 1968. Miongoni mwa namba za kusubu za 302 ni 3932386 na 3956618, ila bloku hizohizo zilitumika pia kwa injini za 350, kwa hiyo peke yake hazithibitishi kitu.

Giaboksi ya Muncie husomeka, mathalani, P9C05, yaani Machi 5, 1969. Kabureta ya Holley 4053 ina tarakimu tatu: 923 ni wiki ya tatu ya Februari 1969. Mimi humwamini zaidi mwenye gari lenye alternata ya 1974 anayekiri kuwa ile ya kwanza iliungua kuliko mwenye gari ambalo kila kitu chake kinalingana kupita kiasi. Spea zenye tarehe zinazofaa hununuliwa.

Kwa gari la Norwood la kuanzia Desemba 1968, tafuta X33 au X77 kwenye bamba la bodi. La Los Angeles halina alama hizo. Namba ya chesi pia imegongwa kwenye bodi chini ya paneli iliyo mbele ya kioo. Na kama gari liliuzwa jipya Kanada, una bahati: tawi la huko la GM, kampuni mama ya Chevrolet, lilihifadhi kumbukumbu za magari yake. Pata nakala yake kabla hujajadili bei.